Walker, Dragoon au Remington ya 1858? Nimezipiga zote tatu

Mkuu, umesema una hela ya bastola moja tu ya baruti, umebaki na Walker, Dragoon na Remington ya 1858, na jamaa wa uwanja wa shabaha anakushikia bango uchukue Walker. Mimi niko hapa Texas na zote tatu zimepita mkononi mwangu, nakala za Italia kama hizo unazoziangalia. Walker niliiuza. Dragoon ninayo na siitoi.

Namwelewa huyo jamaa yako. Walker ukiishika mara ya kwanza unacheka mwenyewe. Kilo mbili na ushee, mtutu wa inchi 9, na kila tundu la silinda linameza hadi greni 60 za baruti (greni 15 ni kama gramu moja). Baba yangu mdogo kule Tabora alikuwa na gobore, na nilipompigia simu kumwambia kuna bastola ya kushindilia yenye matundu sita, akaniuliza kama inabebwa na mtu mmoja. Halikuwa swali la kijinga. Samuel Colt na Kapteni Samuel Walker waliposhauriana kuitengeneza mwishoni mwa 1846, walikuwa wanafikiria askari wa farasi, na bastola ilikaa kwenye mkoba ulioning'inia kwenye tandiko. Mnyama ndiye aliyebeba. Zilitengenezwa 1,100 tu, 1,000 za jeshi na 100 za kuuzia raia, na Walker mwenyewe akauawa Huamantla, Mexico, Oktoba 1847.

Sasa kero. Chini ya mtutu kuna wenzo wa kushindilia risasi. Kwenye Walker wenzo huo unashikwa na kispringi kidogo tu. Ukijaza baruti ya maana, bastola ikipiga teke, wenzo unaanguka, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la silinda. Silinda haizunguki tena. Mimi ilinitokea risasi ya pili, siku ya kwanza, mbele ya watu. Wazee wa enzi hizo walifunga wenzo kwa ukanda wa ngozi. Mimi nilifunga kwa raba ya kubania noti, ikawa inaungua. Ukipunguza hadi greni 35 wenzo unatulia, lakini hapo unabeba kilo mbili za chuma kupiga kipimo ambacho Dragoon inakimeza bila jasho.

Dragoon ilikuja mwaka 1848 kama marekebisho ya makosa hayohayo. Silinda ikafupishwa, kwa hiyo mwisho wake ni kama greni 50. Hiyo ilikuwa na sababu: silinda za Walker za kwanza zilikuwa zikipasuka, chuma cha zamani hakikuweza kuhimili baruti ile yote. Mtutu ukawa inchi 7.5, na wenzo ukapewa komeo kwenye ncha, pale unapokutana na mtutu. Kwangu mimi komeo hilo peke yake linatosha kumaliza ubishi. Bado ni nzito, karibu kilo 1.9, na uzito huo ukiwa na greni 40 unafanya teke liwe kama msukumo wa taratibu, si kofi. Mchoro wa kwenye silinda, wale askari wa Texas wakipigana na Wakomanche (kabila la wenyeji wa Amerika), unao vilevile, kama urembo ndio unaokuvuta.

Remington ni mnyama mwingine kabisa. Ina daraja la chuma juu ya silinda, kwa hiyo fremu ni kipande kimoja na shabaha ya nyuma, pale pa kulengea, ni mfereji uliochimbwa kwenye daraja hilo. Haichezi. Kwenye Colt kama Walker na Dragoon shabaha ya nyuma ni kijipengo kwenye nyundo, na bastola nyingi zinapiga juu, mita 20 unaweza kuwa juu kwa kiganja kizima. Remington ina uzito wa kama kilo 1.3, silinda unaitoa kwa kushusha wenzo na kuvuta pini ambayo inaizungukia. Ubaya wake ni hiyo pini: ni nyembamba, masizi yanaingia, na baada ya kujaza mara tatu silinda inaanza kukaza mpaka uifute na kuipaka mafuta. Mhimili wa Colt, ambao silinda inauzungukia, ni mnene na una mifereji ya kushika grisi, unaenda mchana kutwa. Tena kwenye Remington, kama una mkono mkubwa kama wangu, kidole cha kati kitagongwa na kikingio cha kifyatulio.

Kuna kitu hawakuambii dukani, nacho kilinigharimu wikendi nzima. Colt zimeungwa kwa kabari inayopita kwenye mtutu na mhimili. Nakala moja niliyonunua, sitaji ya nani, mhimili wake ulikuwa mfupi, haufiki mwisho wa tundu lake kwenye mtutu. Basi ukigonga kabari sana, mtutu unarudi nyuma unabana silinda. Ukiilegeza, mtutu unacheza na risasi zinakwenda zinakotaka. Namna ya kupima: toa silinda, chomeka mtutu kwenye mhimili ukiwa umeugeuza upande, usukume hadi ugote, halafu angalia kama sehemu yake ya chini inalingana na ukingo wa fremu. Ikipitiliza na kuingia zaidi, mhimili ni mfupi. Mimi niliweka kipande cha chuma ndani ya tundu, nikakipiga tupa kidogo kidogo mpaka vikalingana. Tangu hapo sijaigusa.

Kingine ni fataki, vile vikofia vidogo vinavyogongwa na nyundo kuwasha baruti. Zikishalipuka zinapasuka, na vipande vinadondokea kwenye mwanya wa nyundo. Elekeza mtutu juu, bado ukiangalia upande wa shabaha, wakati unavuta nyundo. Goroli iwe kubwa kidogo kuliko tundu, ikiingia ichongwe kijipete cha madini ya risasi. Uwazi mdogo tu unatosha moto kuruka tundu la jirani. Na usimimine baruti moja kwa moja kutoka kwenye chupa, pima kwanza. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, usiisogeze karibu kabisa, itaipasua bastola mkononi mwako.

Kusafisha ni jioni hiyohiyo, maji ya moto na sabuni, kwa sababu masizi yanavuta unyevu na kutu haisubiri asubuhi. Harufu ni ya mayai viza. Mke wangu alinipa beseni langu na kunionyesha mlango wa nyuma.

Sheria ya shirikisho la Marekani haizihesabu nakala hizi kama silaha za kawaida, lakini majimbo yanatofautiana, New Jersey kwa mfano si mchezo. Angalia ya kwako. Na usithubutu kuitia kwenye begi ukirudi Bongo.

Kwa hiyo nunua Dragoon, toleo la tatu lenye kikingio cha mviringo, kama mkono wako unauhimili uzito huo. Kama utapiga kila wiki na unataka kugonga karatasi, Remington. Ikifika, fanya kile kipimo cha mhimili kabla hujajaza hata tundu moja, uweke picha hapa tuone.