Re: Usaha tumboni baada ya kidole tumbo: sindano, mrija au kufungua tena?

Habari mkuu, poleni na mgonjwa. Nimekuelewa hivi: mdogo wako kapasuliwa kidole tumbo, homa imerudi, ultrasaundi inaonyesha usaha wa sentimita 7. Daktari anataka kuweka mrija wa kutoa usaha, nyie mnaona bora unyonywe kwa sindano tu au afunguliwe tena.

Nipo wodi ya upasuaji. Cha kwanza kuangalia: tumbo lote limekaza na linauma hata likiguswa kidogo? Kama ndiyo, usaha umesambaa, hiyo ni tieta (chumba cha upasuaji), afunguliwe tena. Kama umejikusanya sehemu moja na kuna njia ya kupita bila kutoboa utumbo, mrija ndio chaguo la kawaida, pamoja na antibayotiki. Sindano inafaa kijipu kidogo. Cha sentimita 7 mara nyingi hujaa tena. Wapime kwanza kuganda kwa damu.

Shida kubwa ya mrija ni kuziba, maana usaha mwingine ni mzito kama uji. Sisi tunasukuma ndani ya mrija maji ya chumvi ya dripu, mililita 5 hadi 10, na kuandika kinachotoka kila siku. Ukikauka ghafla huku homa ipo, msifurahie, ultrasaundi irudiwe. Ukitoa kitu cha rangi ya kinyesi, semeni siku hiyohiyo. Mrija hutolewa homa ikiisha na ukibaki kutoa chini ya mililita 20 hivi kwa siku.

Picha yake sijaiona, kwa hiyo kama njia ipo au haipo, muulizeni aliyepiga ultrasaundi.