Mauzo Mengi, Fedha Hazionekani

Ndugu, umeuliza kwa nini duka lako la vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, linauza kutwa ilhali akaunti haina kitu. Kabla ya kumshuku yeyote, tazama ni nani anayepokea fedha, anayeandika risiti na anayehesabu bidhaa. Iwapo ni mtu mmoja, hapo ndipo penye mwanya. Dukani kwangu, mhudumu alikuwa akiwapa wateja nambari yake ya simu badala ya nambari ya duka ya Lipa na M-Pesa, eti mtandao unasumbua, nami niligundua siku nilipohesabu plagi zilizobaki rafuni na kuzilinganisha na taarifa ya malipo. Sasa nambari ya duka imebandikwa kaunta kwa maandishi makubwa, na ujumbe wa kila malipo huingia kwenye simu yangu. Ukimnasa mtu, usimfukuze papo hapo, hata ukiwa na hasira (nami nilikuwa nazo): kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinakutaka umweleze kosa na umsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake anayemchagua, la sivyo huenda wewe ukaamriwa kumlipa fidia.