Kabla hujauza ng'ombe kununua "kompyuta ya wasioona"

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Magu alinifuata hapa Kirumba, Mwanza. Binti yake haoni, kapata nafasi chuoni, na kuna mtu kamweleza kwamba sisi tusioona tunatumia kompyuta ya pekee, ya kuagizwa nje. Baada ya shikamoo akaniuliza, "Mwanangu, niuze ng'ombe wangapi?"

Baba, nunua laptopu ya kawaida, hata iliyotumika.

Zamani ilikuwa kweli. Mashine ya mvumbuzi Mmarekani Ray Kurzweil ya mwaka 1976, iliyosoma kitabu kwa sauti, iliuzwa makumi ya maelfu ya dola. Nafuu ilikuja sauti ilipoingia kwenye kompyuta ya kawaida kama programu. Ted Henter, aliyepoteza macho katika ajali ya gari, alitoa JAWS, kisoma skrini, yaani programu inayotamka kilichoandikwa kwenye skrini, mwaka 1989, enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, skrini ikiwa maandishi matupu. Windows ikaja na picha zake, ikabidi visoma skrini viandikwe upya. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye haoni, akaanzisha kisoma skrini cha NVDA, na hadi leo ni bure.

Mimi nilijifunza kabla sijaijua. Nilikuwa na programu ya majaribio: dakika 40, kisha kimya, mpaka uwashe kompyuta upya. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliiandika kwa awamu tatu. Ndiyo maana inaniuma nikisikia mzazi anaambiwa auze mifugo.

NVDA inakaa hata kwenye flashi. Amri zake nyingi hutumia kitufe cha Insert; kama kiko mbali kwenye kibodi yako, tumia Caps Lock badala yake. Halafu chagua sauti ya Kiswahili ya eSpeak, programu ya kutamka inayokuja ndani ya NVDA. Inakwaruza kidogo, lakini sauti ya Kiingereza ikikutana na "ng'ombe" hutaelewa kitu. Anza polepole, ongeza kasi kila wiki. Na nukta nundu, maandishi yetu ya kusoma kwa vidole, usiiache, nakusihi: sikio peke yake halikufundishi tahajia.

Binti alikuja Jumamosi. Saa nzima tulitafuta tu vinundu vya vitufe vya F na J, vinavyokuonyesha vidole vikae wapi, skrini tumeizima kuokoa chaji. Mwisho akaandika jina lake, kompyuta ikalitamka. Akanyamaza kidogo, akaandika na la baba yake.