Bei imo kwenye picha, lakini wateja hawaioni

Swali: Nakodisha mahema na viti. Fundi alinitengenezea tovuti yenye posta nzuri za bei na video ya harusi inayojicheza mtu akifungua. Watu wanaingia na kutoka. Wanaonipigia wanaulizia bei ambazo zimo mle mle. Sasa anataka shilingi elfu ishirini aongeze video mbili na maandishi yanayotembea. Nimlipe? (Msomaji, Kariobangi)

Jibu: Usimlipe, dada. Shida si uchache wa video. Maneno yako yamefungiwa ndani ya picha.

Hili naliona karibu kila wiki, na limenichosha. Mtu anachukua posta ile ile ya WhatsApp, anaibandika kwenye tovuti, kisha anaita hiyo kazi. Kwa macho ni maandishi. Kwa simu ni rangi tu. Nambari yako haibofyeki wala hainakiliki kwenye simu nyingi. Mteja akiifungua kwenye simu, herufi zinakuwa kama sisimizi, na akiikuza nusu ya bei inatoka nje ya kioo. Asiyeona, ambaye simu humsomea kurasa kwa sauti, mara nyingi ataambiwa "picha" na basi. Hata Google huwezi kuitegemea ikusomee posta.

Halafu uzito. Maneno elfu moja hayafiki KB 10. Picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu bila kupunguzwa huweza kuwa na MB 4, yaani KB 4,000 hivi, na mteja wako yuko kwenye matatu na bando la kuhesabu. Kuhusu muziki wa ile video ya harusi, tangu 2018 kivinjari cha Chrome kwa kawaida huzuia video kujicheza na sauti kabla mtu hajagusa ukurasa. Kwa hiyo unauziwa kelele ambayo wengi hawaisikii.

Andika bei kwa maandishi halisi: hema la watu mia, viti, usafiri. Nambari iwe kiungo cha kupiga. Picha tatu au nne za kazi zako zinatosha, zipunguzwe upana hadi pikseli 1200 hivi, na kila moja iwe na maelezo ya kile kinachoonekana, ambayo simu itamsomea asiyeona. Video iache moja, fupi, ianze mtu akiigusa, na iwe na manukuu, yaani yanayosemwa yaandikwe chini ya video. Ionyeshe kile maneno hayawezi, kwa mfano hema lilivyo usiku taa zikiwaka.

Maandishi yanayotembea sahau kabisa. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka kinachojisogeza zaidi ya sekunde 5 kiwe na njia ya kukisimamisha, na sijaona fundi wa aina hii akiiweka. Wao wanadhani tovuti ni nganya, matatu ya mapambo na muziki. Lakini hata nganya yenye skrini kila kona na muziki wa kutikisa vioo huandika nambari ya njia, 58, mbele kwa herufi kubwa. Hakuna abiria anayeombwa atazame video kwanza ndipo ajue gari linaenda Buruburu.

Na nyote mnaotaka kutengenezewa tovuti, msikubali kuonyeshwa kazi kwenye laptopu ya fundi kwa Wi-Fi ya ofisini kwake. Fungua kwa simu yako, kwa bando lako, ukiwa barabarani. Weka kidole kwenye bei, ushikilie. Ikikuuliza kama unataka kuhifadhi picha, mwambie arudie kabla hujatoa hata shilingi.