Muulize Fundi: Nina siku moja tu Nikko

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mchonga vinyago, nina kibanda pale Mwenge. Mwezi ujao naenda Tokyo kwa mafunzo, na nimepata siku moja ya mapumziko. Nasikia Nikko kuna hekalu la kale lililojaa nakshi za mbao. Siku moja inatosha? Nianze na nini?
Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari. Inatosha ukidamka. Kutoka kituo cha Asakusa, hapo Tokyo, treni huchukua kama saa mbili. Hekalu lenyewe ni Toshogu, alikozikwa mtawala Tokugawa Ieyasu. Lilianza mwaka 1617, na mjukuu wake Iemitsu akalijenga upya kwa fahari unayoisikia, likakamilika 1636.

Watu hukimbilia lango la Yomeimon, lenye nakshi zaidi ya 500, na dhahabu kila mahali. Litazame, ila usimalizie siku hapo. Kwenye banda la farasi mtakatifu, jengo la mbao tupu lisilopakwa vanishi ya kung'aa, wamo nyani watatu wa kuchongwa: mmoja kaziba masikio, mmoja mdomo, mmoja macho. Wengi hupiga picha hao watatu wakaondoka. Vibao vya nyani ni vinane, na vyote pamoja vinasimulia maisha ya binadamu tangu utotoni. Vifuate kimoja kimoja.

Paka aliyelala, kazi inayosemekana ni ya mchongaji Hidari Jingoro, yuko juu ya mlango wa kuelekea kaburini. Ni mdogo, utampita usipoinua kichwa. Ukishapita chini yake geuka: upande wa nyuma shomoro wanacheza.

Lakini mimi nilikaa zaidi kwa tembo. Wapo wawili, juu kabisa kwenye pembetatu ya paa la ghala. Aliyewachora, Kano Tanyu, hakuwahi kumwona tembo kwa macho yake. Masikio na mikia utaishangaa, wewe uliyezoea tembo wa mpingo tangu unashika patasi. Hata hivyo wana uzito, wamesimama kama wanyama. Mimi nilichonga faru miaka mingi kabla sijamwona, kwa maneno ya wazee tu, na pale nilihisi nimekutana na fundi mwenzangu.

Vaa viatu vyepesi kuvua, ukumbi mkuu huingii navyo, na ndani hairuhusiwi kupiga picha. Beba daftari na penseli. Mchore yule tembo, sikio hasa, kisha uniletee niuone.