Wasomaji Wanauliza: Chanjo ya Malaria, Mpunga wa Mafuriko na King'ora cha Tetemeko

Swali: Chanjo ya malaria ya R21 inasemekana kuwa na ufanisi wa asilimia 75. Je, kati ya watoto 100 waliochanjwa, 25 wataugua?

Jibu: Sivyo. Asilimia hiyo ni ulinganisho wa makundi mawili. Katika majaribio yaliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford nchini Burkina Faso, Kenya, Mali na Tanzania, watoto wa kundi moja walipewa R21 na wa kundi la pili, kwa ajili ya kulinganisha, chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haizuii malaria. Mahali ambapo malaria huja kwa msimu, hatari ya kuugua katika mwaka wa kwanza ilikuwa pungufu kwa asilimia 75 kwa waliopata R21. Panapokuwa na malaria mwaka mzima, kwa asilimia 68. Basi pale ambapo wangeugua watoto 40 bila chanjo, kwa ufanisi wa asilimia 75 wataugua 10 hivi.

Wakati wa kuchanja una uzito mkubwa. Kingamwili (chembe za ulinzi za damuni) zinazotokana na chanjo hii hukishambulia kimelea cha malaria kikiwa bado safarini, tangu mbu anapouma hadi kinapofika kwenye ini. Kikishajificha ndani ya seli za ini, hazikipati tena. Kwa hiyo zinatakiwa ziwe nyingi mwilini kabla mbu hajauma, na baada ya dozi ya tatu hupungua mwezi hadi mwezi. Kwenye maeneo ya msimu, dozi tatu zilikamilishwa kabla ya msimu wa malaria kuanza.

Ratiba ni dozi tatu kuanzia umri wa miezi 5, zikipishana wiki 4, kisha ya nne mwaka mmoja baada ya ile ya tatu. Hiyo ya nne ni rahisi mno kusahaulika, kwani mtoto ameshazoea kutembea na mzazi ameshaacha kuhesabu miezi. Tarehe yake iandikwe kwenye kadi siku ileile ya dozi ya tatu. Chandarua nacho kibaki kitandani.

Swali: Tulipanda mpunga wenye jeni ya SUB1 unaosifiwa kustahimili mafuriko. Maji yalifika nusu ya mmea, yakakaa zaidi ya mwezi, na mavuno yakawa duni. Mbegu ilikuwa bandia?

Jibu: Huenda mbegu ilikuwa halali kabisa, ila mafuriko hayakuwa ya aina yake. Jeni hii, iliyoelezwa mwaka 2006 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wa taasisi ya kimataifa ya mpunga, IRRI, ilitoka kwenye mpunga wa asili wa India uitwao FR13A. Kazi yake ni moja: mmea ukizamishwa wote, inauzuia usirefuke. Mpunga wa kawaida ukizama hukimbilia juu kutafuta hewa, humaliza akiba yake ya sukari na wanga, na maji yakitoka hulala chini. Wenye SUB1 hutulia, hutunza akiba, kisha huchipua upya. Uvumilivu huo hufika kama wiki mbili.

Maji ya nusu mmea yanayokaa wiki nyingi yanahitaji tabia iliyo kinyume: mmea urefuke kiasi, majani yabaki hewani. Hapo SUB1 haisaidii. Haisaidii pia mbegu iliyozama kabla ya kuota. Kama mnamwaga mbegu moja kwa moja, sawazisheni shamba na mtoe maji kwanza.

Hata kwenye mafuriko yanayoifaa, utunzaji huamua mengi. Pandikizeni miche iliyokomaa, kwa sababu ina akiba kubwa kuliko michanga. Msiweke mbolea ya naitrojeni karibu na siku za mafuriko: hukuza majani laini na kumaliza wanga. Maji ya tope huua mapema kwa kuziba mwanga. Yakishatoka msing'oe shamba kwa haraka. Majani yataoza na kunuka, lakini bonyezeni shina karibu na udongo. Likiwa gumu na jeupe ndani, lina uhai. Subirini kama wiki moja hadi majani mapya yatokeze, ndipo muweke mbolea na kujaza mapengo.

Swali: Simu ilipiga king'ora sekunde chache kabla ya tetemeko. Siku hizi matetemeko yanatabiriwa?

Jibu: Hapana, ardhi ilikuwa imeshapasuka. Mpasuko hutoa mawimbi ya mtikisiko. Wimbi la kwanza, ambalo ni hafifu, husafiri kama kilomita 6 kwa sekunde. Linalobomoa hufuata kwa kama 3.5. Vipimo vilivyo karibu na chanzo hulinasa la kwanza, na ujumbe wa redio au intaneti hulitangulia la pili. Programu ya MyShake ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyotolewa mwaka 2016, hutumia hata vihisi vya mwendo vilivyomo kwenye simu.

Tuseme onyo linatoka sekunde 5 baada ya mpasuko. Aliye kilomita 70 kutoka chanzo atafikiwa na wimbi baya kwenye sekunde ya 20, hivyo anabaki na zisizozidi 15. Aliye kilomita 15 hulipata kwenye sekunde ya 4, kabla ya onyo lolote. Bahati mbaya, huyo ndiye anayetikiswa vikali zaidi, na kuongeza kasi ya kompyuta kunapunguza tu eneo hilo lisiloonywa, hakuliondoi.

Mkisikia king'ora msikimbilie ngazi. Inameni, ingieni chini ya meza imara, shikeni mguu wake hadi mtikisiko uishe. Kama moto wa jiko uko karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono, uzimeni kwanza. Kama uko chumba kingine, uacheni.