Mwanangu, kuhusu ile medali ya fedha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili. Unauliza kama mtu aliyeshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya taifa ana haki ya kujivunia, au anajiliwaza tu. Ukaongeza habari ya wale watafiti waliozitazama nyuso za washindi wa Olimpiki ya Barcelona 1992, wakaona wa shaba ana furaha kuliko wa fedha. Sishangai. Wa tatu humtazama wa nne aliyeondoka mikono mitupu. Wa pili macho yake yote yako kwa yule mmoja.

Lakini mimi swali lako limenirudisha Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000. Ulikuwa mdogo, umekaa sakafuni mbele ya televisheni. Mita 10,000, mizunguko 25. Katika mzunguko wa mwisho Mkenya Paul Tergat akachomoka, sote tukasimama, babako anapiga makofi kama vile anasikika kule uwanjani. Haile Gebrselassie wa Ethiopia akamfuata, akamfuata, hatua za mwisho kabisa akampita. Dakika 27:18.20 kwa 27:18.29. Tisa ya mia ya sekunde! Kope haiwahi hata kufumba. Na Atlanta 1996 walikuwa wamemaliza vivyo hivyo, Haile mbele, Tergat nyuma yake.

Babako akainuka akazima televisheni. Wewe ukauliza, "Mbona hatumwangalii akivishwa medali yake?" Hatukukujibu.

Laiti ningekujibu siku ile. Miaka baadaye ulirudi kutoka mashindano ya vijana, ile ya fedha umeivaa ndani ya fulana ili unishtukize. Ukaichomoa. Neno langu la kwanza likawa, "Nani alikuwa wa kwanza?" Nakuona hadi leo: uliivua shingoni, ukauzungusha utepe kidoleni polepole, ukaitia kwenye mfuko wa viatu pamoja na soksi zilizolowa jasho. Siku ya tatu ndipo kocha wako akaniambia hujawahi kukimbia muda mzuri kama ule. Siku tatu, mwanangu, na wewe hukunieleza, kwa sababu sikuuliza.

Unajua ninachokiamini, nimekisema mpaka mmekichoka humu ndani: wa kwanza hukimbizwa. Tazama Berlin 2003. Tergat alivunja rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:04:55. Sammy Korir, mmoja wa waliokodiwa kumvutia kasi, hakuachia njiani. Alimganda mpaka mwisho, akamaliza 2:04:56. Rekodi ya zamani ilikuwa 2:05:38. Maana yake Korir naye aliivunja, kwa sekunde 42, na bado akawa wa pili! Ningeulizwa mimi, ile rekodi imeandikwa na miguu minne. Bila Korir kupumua kisogoni mwake, Tergat angekuwa anakimbilia nini kilomita zile za mwisho? Wa kwanza hukimbizwa.

Hata hivyo, hapa najipinga mwenyewe. Tergat hakwenda Sydney kutafuta medali ya fedha. Mtu angemshika mkono pale pale kwenye mstari akamwambia "furahi, wa pili si haba," angekuwa amemdharau. Na kama wote wataridhika na nafasi ya pili, nani atamkimbiza wa kwanza? Kwa hiyo uchungu wako sitakwambia uufiche. Lakini uchungu si ushahidi kwamba ulikimbia vibaya, na hapo ndipo mimi na babako tulipokosea, tukazima televisheni.

Najua unataka nikwambie ndiyo au hapana. Ulimi unaniwasha kusema ndiyo, tena kwa sauti. Ila mbio zako niliwahi kuzihukumu mara moja kabla hujavua viatu, na hizi nakuachia wewe, ingawa naona shida kunyamaza.

Ukija, njoo nayo. Usiitie kwenye mfuko wa viatu. Nataka niishike, halafu uniambie kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia ulikuwa wapi, huyo mwenzako alikupitia wapi, na miguu ilikuwa inasema nini.

Mama yako